Mgunduzi wa Waimbaji Wasiojulikana

Jumatatu, 4 Novemba 1996. Lindi.

Leo nimepata kazi ya uzeeni. Gazeti la wiki iliyopita, lililofika na basi la jana, linasema kituo kipya cha redio cha Dar es Salaam kinatafuta waimbaji wasiojulikana, wale wanaotunga wenyewe na kuimba wenyewe. Unarekodi kanda, unaituma. Ikipendeza inapigwa hewani, na jina la aliyemgundua mwimbaji linasomwa. Jina kamili!

Nilimsomea Magdalena, mke wangu. Akauliza kama kituo hicho kinasikika Lindi. Hakisikiki. Akauliza basi nani atakayelisikia jina langu. Nikamwambia hilo ni suala la mitambo, si la sanaa. Akarudi jikoni.

Maisha yangu yote nimefundisha watoto nyimbo, na sikuwahi kujiuliza zimetoka kwa nani. Sasa najiuliza. Ule wimbo wa wapakiaji wa magunia, nani aliuimba wa kwanza? Na ule wa kubembeleza mtoto aliokuwa akiuimba mama yangu? Lazima alikuwepo mtu mmoja, mwenye jina, aliyekaa mahali fulani akautoa kichwani. Mtu huyo nitampata. Au mwenzake.

Tatizo ni Yahya. Ana kibanda cha kanda sokoni na mashine ya kunakili. Amesoma gazeti lilelile. Alinipa shikamoo kama anayetoa rambirambi, kisha akasema mzee wangu upumzike, siku hizi ni soko huria. Nikaitikia marahaba na kuondoka. Tutaona.

Jumanne, 5 Novemba

Nimegundua! Siku ya kwanza tu! Dadi, anayepara samaki sokoni, alikuwa akiimba peke yake: mama anaanika nguo nyeupe juani, moyo wake umetakata. Sauti nyororo. Machozi yalinilenga. Nikamrekodi kwa redio kaseti yangu, zawadi ya kustaafu. Nilimwuliza wimbo ameutoa wapi. Akasema umemjia tu.

Jioni. Nimemsikilizisha Magdalena. Ni tangazo la sabuni. Aliuendeleza mwenyewe pale Dadi alipoishia, hadi bei.

Nilirudi kwa Dadi kumkaripia. Akasema hakudanganya, umemjia kutoka redio ya jirani.

Alhamisi, 7 Novemba

Xaveri, dereva wa lori la wanunuzi wa korosho, ana habari. Kitomanga yupo mwanamke anaitwa Tekla. Ametengeneza gita kwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Anatunga mwenyewe. Redio haijawahi kumsikia!

Nilimvuta Xaveri pembeni ya mgahawa ili Yahya asisikie. Yahya akaja kuuliza tunanong'ona nini. Nikamjibu hatuzungumzi lolote, hasa kuhusu Kitomanga.

Jumamosi, 9 Novemba

Kitomanga na kurudi, juu ya magunia. Mgongo umekwisha. Nilificha redio kaseti katika kikapu, nikaifunika kwa mihogo, Yahya asijue nakwenda kurekodi. Magdalena alisema, “Baba Angela, unawapelekea wakulima mihogo?” Nikaongeza miwili.

Nilipofika niliuliza kama kijijini yupo mwimbaji asiyejulikana. Kila mtu alinielekeza kwa Tekla. Mwenye duka aliniimbia wimbo wake mmoja, shehe akasahihisha ubeti wa pili.

Tekla ni mama wa makamo. Alikuwa barazani akibangua korosho, mikono myeusi kwa utomvu. Akanipa shikamoo, akapokea muhogo mmoja, akauchungulia kana kwamba hajawahi kuona muhogo. Kisha akanawa, akalichukua lile debe.

 Aliimba kuhusu mnunuzi ambaye mizani yake inachoka ikifika kijijini. Aliimba kuhusu binti aliyeolewa Mtwara na kuacha kanga yake kwenye kamba, na mama hataki kuianua. Nyaya za breki zinalia kama mtu anayesema na huku amebana meno. Nilimwuliza maswali mengi. Unaanza na sauti au na maneno? Unatunga asubuhi au jioni? Akasema anaanza na mtu. Anachukua mtu aliyemuudhi, anasikiliza anavyotembea, mwendo unampa mdundo, na maneno yanafuata. Nikamwuliza mwendo wangu unatoa mdundo gani. Akacheka. Akasema, “Mwalimu, wewe bado nakusikiliza.”

Nikaomba kurekodi wimbo wake mpya kabisa. Hapo akakataa. Jumamosi ijayo wanashindana na kikundi cha Mchinga, hapo hapo uwanjani. Wimbo wa shindano ni fumbo, na mtu wa nje hausikii kabla ya siku hiyo, maana wapinzani wanatakiwa kuujibu papo kwa papo, kabla ngoma haijanyamaza. Wakishindwa kujibu, wameshindwa. Na mwimbaji wa upande ulioshindwa hagusi chombo mpaka msimu mwingine wa korosho.

Mwaka jana Mchinga walikuja na magauni mapya ya sare, akashindwa yeye. Debe lilining'inia ukutani mwaka mzima. Alikuwa akiamka na wimbo mdomoni, anauziba kwa kanga kama mwenye kikohozi. Akasema mwaka mwingine wa namna hiyo hauwezi. Akishindwa tena, atalikata debe atengeneze koroboi, na habari ya nyimbo iishe.

Nilisikitika kweli. Nikaapa sitarekodi.

Wenzake wakaja kwa mazoezi, nikaombwa nikae nje ya ua. Kikapu nilikisahau mlangoni. Nilikisahau kwa makusudi, lakini nilikisahau. Kitufe nilikuwa nimekwisha kukibonyeza nilipokuwa nikipanga mihogo. Sanaa haiwezi kungoja Jumamosi.

Katikati ya mazoezi kanda ikafika mwisho: tak! Nikakohoa kwa nguvu huko nje. Tekla akatokeza kichwa, akauliza nini kimelia. Nikasema mihogo hulia inapokauka.  Akasema ya kwao haina tabia hiyo.

Jumatatu, 11 Novemba

Kanda ni mbaya. Mihogo inakwaruza kuliko kayamba. Lazima isafishwe, na mwenye mashine Lindi nzima ni Yahya. Nimemwapisha kwamba hatamwambia mtu. Aliapa upesi mno, lakini aliapa.

Akaifungulia katika spika kubwa za nje. Akasema kasoro husikika vizuri zaidi katika spika kubwa. Sina utaalamu wa kubisha. Sauti ya Tekla ikatoka, ikaenea soko zima:

Jirani kanunua saa,
kaifunga mkononi;
ukimwuliza saa ngapi,
anatazama juani.

Watu walisimama! Mama mmoja aliyekuwa akiuza pweza mkavu akaacha biashara yake, akaja mpaka kibandani. Akaomba wimbo urudiwe. Ukarudiwa. Akasema anaitwa Naima, anatoka Mchinga, na anapenda nyimbo kuliko kula. Tazama uzito wa ugunduzi wangu: hata Mchinga wanampenda Tekla! Tatizo lake, alisema, hakusoma sana, mafumbo hayaelewi.

Anasema hivyo mbele ya mwalimu. Nikaomba kiti.

Nilimfafanulia mstari kwa mstari. Jirani ni watu wa Mchinga, naomba asichukie. Saa ni yale magauni mapya ya sare waliyoshinda nayo mwaka jana. Kutazama juani ni kukosa nyimbo zao wenyewe, mpaka waazime za watu. Alichukia kidogo, lakini kwa adabu. Akauliza mtu akitaka kuujibu wimbo kama huu angejibu vipi. Swali zuri sana! Nikamwambia asikanushe saa. Aikubali, kisha aonyeshe kwamba aliivaa makusudi. Akanirudishia somo lote bila kukosea. Katika miaka yangu ya kazi nimepata wanafunzi wachache wa namna hiyo. Alinipa pweza mzima, akakataa katakata kulipwa.

Yahya alikuwa akicheka ndani ya kibanda hadi akaegemea mashine. Sijui alicheka nini.

Alhamisi, 14 Novemba

Pweza alikuwa mtamu. Magdalena ameuliza mama wa Mchinga ananipaje pweza bure. Nimemsimulia. Akaacha kutafuna. Akasema, “Baba Angela, umefanya nini?” Nikamwambia nimefundisha. Akaisukuma sahani yake upande wangu. Nikaimaliza.

Nimeusikiliza wimbo wiki nzima, kila siku naona kitu kipya. Kwa nini amesema “kaifunga” na si “kaivaa”? Aliyeifunga anaogopa itaanguka! Mwanamke huyu ana akili ya ajabu.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika ya jana. 

Uwanja wa Kitomanga ulijaa. Mzee Nikodemu, msimamizi wa ngoma, alisimama katikati na filimbi. Nilikaa mbele na kikapu changu. Yahya naye alikuwepo, na mashine ya kurekodi waziwazi mapajani.

Watu wa Mchinga wakaingia na sare zao. Mbele yao, kiongozi wao, mwimbaji wao: Naima. Yule wa pweza! Nikampungia mkono. Akanipungia.

Tekla akapiga debe lake, akaimba. Kitomanga wakashangilia. Alikuwa bado anavuta pumzi baada ya mstari wa nne, Naima akapokea bila kufikiri hata kidogo:

Saa yangu ni ya pambo,
wakati naujua mwenyewe;
nimeifunga makusudi
ili uulize wewe.

Mchinga wakaruka juu.  Mimi, nakiri, nilifurahi kwanza, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi kabisa kama nilivyolifundisha. Kisha nikamwona Tekla. Alikuwa ameshusha debe. Macho yalikuwa mekundu, na alikuwa akiangalia nyaya zake kama mtu anayeaga. Mama mmoja wa kikundi chake akaanza kulia. Hapo ndipo nilipoelewa pweza yule alikuwa malipo ya nini.

Mzee Nikodemu akainua filimbi. Akamwuliza Tekla kama analo jingine, maana ngoma haijanyamaza. Kweli, mpiga ngoma alikuwa akiipapasa polepole, akimngoja. Tekla akainua kichwa. Akatazama watu, waliokuwa wakinong'ona kwamba wimbo ule waliusikia sokoni Lindi. Akatazama Mchinga. Akanitazama mimi. Akatazama kikapu.

Kisha akapiga mdundo mzito, wa kuburuta, tak na kunyamaza, tak na kunyamaza. Nikaufahamu kabla ya maneno. Ulikuwa mwendo wangu.

Mgeni kaja na mihogo,
kaiweka mlangoni;
mihogo ikasikia,
ikasimulia sokoni.

Nilipiga makofi. Niliendelea kupiga mpaka nikagundua napiga peke yangu na uwanja mzima umenigeukia. Kicheko kilianzia kwa watoto kikaishia kwa shehe. Mtu akaniuliza kwa sauti, “Mwalimu, mihogo hiyo imesoma mpaka darasa la ngapi?” Wakataka nifunue kikapu. Nikakikalia.

Sasa ilikuwa zamu ya Naima, na Naima hana jibu. Atajibu nini? Akisema haijui mihogo, Lindi nzima ilimwona kibandani. Akisema anaijua, ameungama jinsi alivyopata wimbo. Alifungua mdomo mara mbili. Ngoma ikanyamaza. Naima akacheka mwenyewe, akaenda kumshika Tekla mkono, akasema kwa mihogo ya namna hiyo amekubali.

Kitomanga wameshinda! Tekla alilibeba debe lile juu ya kichwa chake akazunguka nalo uwanja mzima, analia na kucheka.

Nikaingiza mkono kikapuni nirekodi. Betri zimekufa. Nimezimaliza kwa kusikiliza wiki nzima. Yahya amerekodi yote.

Baadaye nilimwendea Tekla nimwombe radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Akanikatiza. Akasema, “Mwalimu, uliniapia.” Basi, hilo tu.  Kisha akanijazia mfuko korosho, akasema mwakani nije, ila nije mikono mitupu.

Nimealikwa rasmi!

Jumatatu, 25 Novemba

Yahya ametuma kanda Dar es Salaam kwa jina lake. Pia anaiuza kibandani, na wateja wamejipanga. Sokoni watu wananiuliza mihogo inaendeleaje. Dadi anauimba wimbo wa mihogo huku akipara samaki, na safari hii amekosea mdundo. Nilimrekebisha.

Mwanzoni niliona aibu. Sasa nimetafakari kwa utulivu. Wimbo wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili ni bora. Nani aliusababisha? Bila mimi Tekla angeshinda kwa wimbo wa kawaida. Nimesimama kando ya kibanda na kumweleza kila mteja kwamba mgeni anayetajwa ni mimi, wasije wakadhani ni mtu mwingine. Magdalena amekataa kutoka nje.

Na sasa habari kubwa. Xaveri amerudi kutoka Kipatimu. Huko milimani yupo mzee Sipriani, ametunga wimbo wa kumwozesha binti yake wa mwisho. Hajamwimbia mtu, hata mkewe. Bwana harusi ndiye atakayeusikia wa kwanza, siku yenyewe, na familia nzima inangoja. Wimbo ambao haujasikiwa na yeyote! Mtu anaufichaje wimbo kwa muda wote huo? Anauimba wapi, shambani? Kimoyomoyo? Lazima nijue.

Xaveri amenisihi nisimweleze mtu yeyote. Nimemwelewa. Ni siri kubwa mno. Yahya mwenyewe, nilipomsimulia, hakuamini.