Ulanzi wa Mwezi wa Nane

Jumatatu, 4 Agosti

Ukungu Njombe nzima. Nimejilaza na simu kifuani, naota. Habari ikanijia yenyewe simuni: "Wataalamu wapigwa butwaa! Mkulima wa Njombe agema ulanzi kiangazi." Ni dawa. Unamwagia shinani, mianzi inachuruzika pombe. Picha ipo: mzee kavaa singlendi, anacheka, nyuma yake minazi.

Jumamosi ni sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu Anneth anayeolewa. Shemeji Enoki kajitapa ataleta soda. Soda! Nimewapigia wakwe wa Matembwe, nimewaahidi ulanzi mbichi. Wamecheka, eti ulanzi ni wa masika. Anneth kaniomba nisimtie aibu. Mwanangu, subiri uone!

Jumanne, 5 Agosti

Makambako, kuchukua dawa. Nimeisoma tena ile habari nikiwa stendi. Sasa inasema mkulima wa Makambako! Mzee yuleyule, minazi ileile. Nimewaza sana. Ni pacha wake. Na imetoka dakika tano zilizopita, kama jana. Waandishi hawa hawalali.

Jumatano, 6 Agosti

Mke wangu Oktavia kaninyang'anya simu. Kauliza minazi ya Njombe iko kata gani, na nani huku anavaa singlendi Agosti. Kanionyesha chini kabisa, herufi za kijivu: "Tangazo la kulipiwa." Nikamjibu kwamba habari huandikwa kwa herufi kubwa.

Nimeimwagia dawa mianzi aliyoachiwa Oktavia na marehemu mama yake. Nimekata vichwa vyote, nimefunga mbeta za kukingia. Jioni nikakaa chini yake. Ukungu ukashuka taratibu, majani yakanong'ona, nikawaona wakwe wananiimbia. Tone! Jingine! Nilikuwa na raha sijui niiseme vipi.

Jumamosi, 9 Agosti

Ulikuwa ukungu. Mbeta zimejaa maji matupu. Nimezipeleka hivyo hivyo. Baba mkwe kaonja, kafumba macho, kasema ni maji mazuri, ya baridi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Anneth hakucheka. Aliinama, Enoki akampa soda. Roho iliniuma.

Mianzi imegeuka njano. Oktavia anasema hata masika haitatoa kitu. Kaninunia.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nimemwapia Anneth: siamini tena habari ya simu bila kumuuliza mama yake. Kalia, kanikumbatia. Nimerudi kujilaza. Ukungu. Simu kifuani.

"Wataalamu wapigwa butwaa! Mkazi wa Njombe avumbua miwani inayofichua matangazo yaliyojifanya habari." Dakika tano zilizopita. Pichani ni mzee wa minazi, kavaa miwani. Maskini, kumbe na yeye walimtapeli!

Nimeagiza mbili. Moja ya Oktavia, asinune.