Mlima Uliogeukia Italia

Jumatatu, 4 Machi 1929
Makubwa! Baba mkwe, Mzee Hisamatsu, ametangaza: duka lake la picha za chapa ya mbao hapa mtaani Asakusa atamwachia mkwe atakayemletea picha bora ya mlima wa Ulaya. Sharti awe ameuona kwa macho yake. Wakwe tuko wawili tu, mimi na mwanyumba wangu Shibata, mume wa dada yake mke wangu Fusae. Shibata aliupanda kweli mlima Matterhorn, ule wa mpakani mwa Italia, akarudi na kidole cha mguu kilicholiwa na barafu. Kila mgeni akija anavua soksi amwonyeshe, hata watu wakiwa wanakula! Mimi nami mzee alinituma huko mwaka jana. Meli kufika Kobe, bandari ya hapa hapa nchini, nimeshatapika hadi nyongo. Nikashuka. Miezi yote ile nilijificha kwa shangazi huko Shinano, nakula tambi. Nani anajua? Hakuna. Postikadi yenye picha ya mlima huo huo ninayo.

Jumatano, 6 Machi
Mchongaji wa baba mkwe ana mdomo. Akiiona postikadi, nimekwisha. Nachonga mwenyewe. Nimebandika mchoro juu ya ubao wa mcheri, mlango nimefunga, ngazi ikilia kidogo tu naificha postikadi. Mke wangu Fusae akauliza kulikoni najifungia kama mwari. Nikamwambia sanaa inataka utulivu. Akasema utulivu gani huo wa kutoka jasho na baridi yote hii.

Ijumaa, 8 Machi
Mama yangu wee! Nimepiga chapa ya kwanza. Theluji safi, alfajiri ya waridi. Nikaiweka kando ya postikadi. Kilele kinaelekea upande mwingine! Mchoro hubandikwa kifudifudi, uso ukiangalia ubao, ili chapa itoke sawa. Kila mtoto wa Asakusa anajua. Mimi niliubandika chali! Kuchonga upya haiwezekani, tunamwonyesha baba mkwe picha zetu Jumapili.
Baadaye: nimepata! Nitasema niliuchora nikiwa upande wa Italia, ambako kilele huonekana kimegeuka.

Jumapili, 10 Machi
Shibata alisimama mbele ya picha yangu. Kisha akapaza sauti, "Baba, mlima huu umegeuzwa! Huyu hajafika popote!" Nikajibu kwamba yeye aliuona kwa mbele kama watalii wote, mimi nilizunguka hadi Italia. Baba mkwe alinikodolea macho, nikajua leo nafukuzwa. Mara machozi yakamtoka. Teiji mwanangu, akasema, kumbe mwanamume ni wewe, duka ni lako. Nusura niruke! Lakini hakuwa amemaliza. Anataka auone upande huo kabla hajafa. Tunapanda meli mwezi ujao, kiongozi wa njia ni mimi. Shibata naye kaomba kuja, huku anacheka peke yake.

Jumatatu, 11 Machi
Tangu asubuhi nachechemea. Nimesema nimevunjika mguu kwenye ngazi. Fusae kanitazama tu, kaenda kwa baba yake. Karudi anatabasamu: baba kasema nisijali, nitabebwa kwa machela hadi mlimani.
Sawa. Kesho napofuka. Kipofu hapelekwi kutazama milima! Nimeanza mazoezi jikoni, nimeshavunja mabakuli mawili, na Fusae amekasirika kweli.