Chumba cha Waliopumzika

Jumatatu, 3 Machi
Vichwa vya maana duniani ni viwili, na kimoja kinavaa kofia yangu. Shule niliiacha kabla haijaniharibu. Sasa nafagia nyumba ya kutunzia wazee, ambako shangazi yangu ni mlezi. Anawainua, anawaogesha, anawalisha. Mwenyewe anakula amesimama chumba cha kufulia, sahani juu ya mashine. Miguu imemvimba kama mikate. Walezi wote ndivyo walivyo. Nikamwambia nitawapatia chumba cha kupumzikia. Akasema, we mtoto, anza kwa kuupumzisha huo mdomo.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Mkuu wa nyumba kanipa stoo ya vitanda vibovu, kwa majaribio. Ikitokea vurugu yoyote, anafunga. Vurugu gani, na mimi nipo? Nimetoa vitanda, nimeingiza kochi, feni na birika. Fundi bomba, hasidi wangu, kasema kochi linanuka. Nikamwambia anajinusa mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi kakaa! Kavua viatu, kasinzia mpaka kakoroma. Walezi wananiita mheshimiwa. Fundi bomba kanuna. Nimebandika bango mlangoni, herufi nyeusi, kubwa: CHUMBA CHA WALIOPUMZIKA. Maana ukifungua, unakuta watu wamepumzika. Kiswahili safi, bila mwalimu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Bibi wa kitanda cha dirishani kafuata feni, kajilalia kochini. Mwanawe kaja kumwona. Nikamwelekeza kwa upole: mama yuko kule, chumba cha waliopumzika. Nikamwongezea: tangu asubuhi, hana shida tena. Jamaa kusoma bango, chini pu! Yowe. Ndugu wakapigiwa simu, vilio mpaka barabarani. Bibi kaamka, katoka, kauliza nani kafa. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Mkuu naye kakimbia, ila yeye alikuwa ananikimbiza mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Kufuli mlangoni. Fundi bomba kaniuliza kama na mimi nishapumzika. Mimi nasema kosa ni la wageni, hawajui kusoma. Ila kimoja kiliharibika kweli, nakiri: leo shangazi kala amesimama tena, mkono kiunoni. Bora angenitukana.

Basi nimeona stoo ya mifagio haina mtu. Itawafaa walezi wanaotoka kazini kidogo. Bango tayari, na neno kupumzika silitaji ng'o: CHUMBA CHA WALIOTUTOKA.