Zamu Yangu Mbele ya Mlango wa Kijani

Jumatatu, 6 Oktoba. Cádiz

Fermín ametuwahi tena! Mstaafu kama mimi, mtu wa Logroño, na gari-nyumba lake refu kuliko nyumba ya watu. Kila mji wa pwani tunaofika, yupo, na nafasi inayotazama bahari ameshaichukua. Leo alipokwenda kununua mkate nikatandaza meza na viti vyetu pembeni yake, kulishikia gari-nyumba letu ile nafasi ya pili. Polisi akaja. Akasema kuegesha ruhusa, kutandaza viti ni kupiga kambi, na kambi marufuku. Fermín akarudi, akanisaidia kukunja viti. Aibu gani hii.

Mke wangu Remedios akalala baada ya chakula. Mimi nikaenda kutembeza hasira zangu. Saa tisa alasiri, jua kali, madirisha yote yamefungwa, hakuna hata mbwa. Nyuma ya kanisa kuu nikakuta foleni mbele ya mlango wa kijani. Wanangoja nini, sijui. Lakini miaka thelathini nimekaa nyuma ya dirisha la posta, na najua watu hawajipangi bure. Nikauliza kama ilivyo desturi yetu: nani wa mwisho? Bibi mmoja mwenye kikapu cha magurudumu, vitunguu majani vikichungulia na udongo wake, akasema ni yeye. Basi niko nyuma yako, nikamwambia. Ukishasema hivyo zamu ni yako, hata ukitoka kidogo. Nikatoka kidogo, kunywa kahawa.

Niliporudi, uchochoro mtupu. Hata mlango sikuuona. Na sasa ndipo nakumbuka: hakuna aliyekuwa akilalamika. Foleni ya Wahispania bila malalamiko! Sijapata kuiona.

Jumatano, 8 Oktoba. Almería

Mambo ya ajabu. Chini ya ngome, saa ileile ya usingizi, mlango uleule wa kijani. Foleni ileile, ila fupi zaidi. Bibi yuleyule. Akaniambia nimechelewa lakini nafasi yangu ipo.

Mbele nikamwona Anselmo, jirani yetu wa ghorofa ya chini kule Valladolid! Nikampungia mkono. Akanitazama kama mtu anayetafuta jina akilikosa. Mlango ukafunguka, akaingia. Sikusikia hata hatua moja ndani. Jua lilikuwa linachoma, na mimi meno yananigongana. Nikaondoka mbiombio, nikijiambia nina njaa.

Jioni binti yetu akapiga simu. Anselmo amefariki. Leo mchana, kwenye kiti chake, sebuleni kwake Valladolid. Remedios akalia. Mimi sikumaliza omleti yangu ya viazi. Mimi!

Ijumaa, 10 Oktoba. Cartagena

Naogopa. Naandika wazi, kwa kuwa hakuna anayesoma: naogopa sana. Ila nina mpango. Zamu hupewa mwingine. Unamwambia mtu pita mbele yangu, anapita, yamekwisha. Mtu gani? Fermín, nani mwingine!

Nikamwambia nyuma ya ukumbi wa Warumi wanagawia wastaafu dagaa wa siki. Akaja na bakuli. Foleni hiyo hapo, watu wachache sasa, bibi amenigeukia. Nikamwambia Fermín karibu, tangulia, nimekuachia. Akatazama ukuta, akanitazama mimi, akauliza foleni gani. Haoni kitu! Akanishika kiwiko kwa huruma, akanirudisha garini, akamwambia Remedios huenda ni jua.

Ikabidi nimweleze Remedios kila kitu. Hakucheka. Aliendelea kumenya nyanya.

"Ulipotoka, ulimwachia mtu zamu yako?"

Nikasema hapana.

"Basi usirudi tena. Asiyekuwepo akiitwa, zamu imempita. Sokoni ni hivyo, na huko ni hivyohivyo. Kaa na mimi, mzee wangu. Mimi bado nakuhitaji."

Hakuniangalia aliposema. Nimemwapia kwamba sitakwenda kwenye foleni ile tena.

Jumapili, 12 Oktoba. Peñíscola

Mchana kutwa ndani. Mapazia yamefungwa, tunacheza karata. Saa tisa nikasikia magurudumu madogo yakija juu ya mawe. Yakasimama mlangoni petu. Harufu ya udongo mbichi ikajaa gari zima. Sauti ya bibi ikasema, taratibu tu, kwamba siku imefika na mbele yake hakuna mtu tena. Remedios akaweka karata chini, akanishika mkono kwa nguvu. Tukakaa hivyo. Magurudumu yakaondoka.

Nimeshinda! Remedios akanibusu upara, akacheka na kulia kwa pamoja.

Fermín hakwenda kununua mkate leo. Anasema mkono wa kushoto unamuuma. Anajifanya, ili asibanduke pale penye bahari.

Jumanne, 14 Oktoba. Tarragona

Naandika nimesimama, daftari nimeliegemeza ukutani. Remedios alisinzia na karata mkononi. Mimi nikachungulia pazia mara moja tu. Nani anapita? Fermín, na nguo za kulala, anaelekea kwenye uwanja wa kale juu ya bahari. Nikamfuata. Foleni! Sasa anaiona! Na amesimama wapi? Nyuma ya bibi. Mahali pangu!

Niliapa, ndiyo. Niliapa kutorudi kwenye foleni. Sikuapa kumwachia Fermín. Nikamwambia bwana, hapo pana mwenyewe tangu Cádiz, muulize bibi. Bibi akakubali: Jumapili ilinipita, lakini nikiidai bado ni yangu. Akaongeza kwamba leo wanaingia wawili tu, kwa hiyo wa nyuma arudi nyumbani.

Fermín, midomo haina damu, akanishika bega.

"Evaristo, unajua unachofanya, ndugu yangu?"

Nikamjibu najua vizuri sana. Akanikumbatia, akaenda zake akilia, rangi inamrudia usoni. Hajui kukubali kushindwa yule.

Na si hivyo tu. Nikamwambia bibi shida yangu ni ndogo, mke ananisubiri, je, naweza kutangulia? Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akasogeza kikapu pembeni. Kwa hiyo wa kwanza ni mimi! Bila kusukumana na mtu!

Remedios ananiita kutoka kule kwenye magari. Anaita kweli kweli, sijawahi kumsikia akiita hivyo. Mlango unafunguka. Nitamsimulia nikitoka.