Mwalimu wa Uraia wa Kagondo

Jumanne, 5 Aprili 1988

Leo nimepata kazi ya ualimu. Mimi, Ildefons Karugendo! Niliyeacha shule darasa la pili kwa sababu mwalimu alikuwa hanifikii.

Ilikuwa hivi. Nimekwenda Bukoba mjini kutafuta chumvi dukani kwa Yashwant. Nikamkuta mama yake, Mama Dhanlaxmi, amekaa juu ya gunia, uso umemshuka. Nikamuuliza kwa Kihaya, akanijibu kwa Kihaya, maana huyu mama Kihaya anakijua kuliko padri. Aliletwa na meli akiwa msichana, kuolewa na marehemu Jagdish, na tangu hapo hajawahi kuwa raia wa Tanzania. Hakuna aliyemuuliza. Sasa wameuliza! Ameomba uraia, na lazima asailiwe na Afisa Uhamiaji, kwa Kiswahili. Akishindwa atafungiwa mizigo aende Uingereza kwa mwanawe mkubwa, Rasiklal, ambako anasema jua linatoka kwa kibali.

Akalia. Akasema majivu ya Jagdish yalimwagwa katika ziwa hili hapa, je, yeye akafe kwenye barafu kama samaki wa kiwandani?

Nikamwambia Yashwant aache wasiwasi, mwalimu amekwisha fika. Akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha kifua changu. Alicheka mpaka akashika mizani asianguke. Lakini mtu aliyeshikwa na shida hachagui. Ameahidi: mama akifaulu, ile baiskeli nyeusi aina ya Foniksi inayoning'inia darini ni yangu. Mpya! Ina kengele! Nimepanda juu ya kreti nikaipiga. Wateja wote wamegeuka.

Mke wangu Klaudia amesema ningejifunza kwanza kuendesha. Wivu.

Jumatano, 6 Aprili

Somo la kwanza. Nimemfundisha mlima mrefu kuliko yote: Kilimanjaro. Wa pili: hiki kilima chetu cha Kagondo. Mama Dhanlaxmi akasema wa pili ni Meru. Nikamwambia asijibizane na mwalimu.

Wimbo wa Taifa. Ubeti wa kwanza nimeimba kama tarumbeta. Wa pili nimeuvuma kwa pua, ndivyo wakubwa wanavyofanya. Yeye ameimba yote mpaka mwisho, macho yamefumbwa. Anasikiliza redio. Huo ni udanganyifu kidogo, lakini nimeuacha.

Tatizo ni moja tu. Kiswahili chake ni cha dukani. Kanga, sabuni, kandambili, hana mpinzani. Ukimuuliza mambo ya moyoni anarukia Kihaya. Nimemwambia akikwama ataje vita. Ataje jinsi ndege ya Amin ilivyopita juu ya Kagondo mwaka sabini na nane, nikaitikisia fimbo, ikageuka. Akauliza kwani ilikuwa na mafuta ya kutosha kuendelea? Maswali gani hayo!

Ijumaa, 8 Aprili

Nimemsindikiza ofisini kuchukua tarehe. Karani akauliza mama huyu ameifanyia nini jamii. Mama akataka kujibu kwamba ameuza nguo. Nguo! Nikaingilia kati haraka. Nikasema huyu ndiye kiongozi wa upandaji miti Kagondo. Amesimamisha msitu mzima. Vijana wanamwita mama.

Karani akaandika yote. Akaingia ndani. Akatoka akitabasamu. Amesema Afisa amefurahi mno, hatamsaili ofisini. Atakuja mwenyewe Kagondo, Alhamisi ijayo, amsailie humo humo msituni.

Tulipofika sokoni Mama Dhanlaxmi akaniuliza kwa Kihaya, taratibu, msitu uko wapi, Ta Ildefons? Nikamwambia asiharakishe mambo.

Jumamosi, 9 Aprili

Msitu upo. Yaani, utakuwepo.

Kule kwenye rweya, lile eneo la nyasi chini ya kibanja changu, karibu na kisima, kuna vijana wanapanda miti. Kiongozi wao ni Kokuberwa, msichana wa miaka ishirini anayelea wadogo zake tangu ugonjwa huu wa siku hizi uwachukue baba na mama. Ana ulimi! Anasema askari wa vita vya Amin walipika kwa kuni zetu zote, na sasa mazishi yanamaliza mbao, basi wasipopanda wao, watoto watazikwa kwa mikeka. Nikakohoa.

Nimemweleza kwamba nimemletea kiongozi mpya, Mama wa dukani. Akasema: "Babu, mbuzi wako wamekula miche yetu ya mitoma juzi, leo unaleta kiongozi?" Vijana wakacheka. Jirani yangu Rugemalira alikuwa amesimama kwenye mpaka wake, naye akacheka, ingawa hakuna aliyemwalika. Amesema kwa sauti kwamba mwanafunzi wangu akifaulu, yeye atatembea kwa mikono hadi Ijuganyondo. Mtu wa wivu tangu azaliwe.

Nimeahidi kufunga mbuzi. Wamekubali mama aje, lakini si kuongoza. Kupanda!

Jumatatu, 11 Aprili

Amekuja. Nilidhani atasimama na mwavuli atoe maagizo. Amefunga sari kiunoni kama anayekwenda kupigana, akapiga magoti, akachimba! Amewaletea vijana makopo matupu ya mafuta ya kupikia, Yashwant ameyatoboa chini kwa msumari, yananyunyiza maji kama mvua. Vijana wamechachawa. Wamempangia zamu ya kumwagilia, kila Jumanne. Wamemchekesha, amewafundisha kuhesabu kwa lugha yake, Kokuberwa amemwita bibi.

Mimi mwalimu wake nimekaa kando natafuna kahawa. Hakuna aliyeniita chochote.

Halafu nimekagua msitu. Ole wangu! Miche ni mirefu kama kidole. Ukisimama barabarani huoni kitu, unaona nyasi na makopo. Afisa anakuja Alhamisi! Ataona nini, apewe miwani?

Jumanne, 12 Aprili

Nimepata dawa. Nimeipata mwenyewe, bila msaada, nikiwa chooni, ambako ndiko ninakowaza vizuri.

Milamula! Mti wetu wa mpaka. Unakata fimbo ndefu kama mtu, unaichomeka ardhini, imesimama, imeota, ina kichwa cha majani. Msitu wa siku moja! Na kuna faida nyingine ambayo sikumwambia mtu. Mlamula ukipandwa, hapo ndipo mpaka, na haung'olewi hadi wazee wakae kikao. Nani asiyejua? Rugemalira aling'oa mmoja wangu zamani, nikapiga kelele kijiji kizima, akalipa mbuzi na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Basi mstari ukianzia kisimani na kupanda ukiegemea kidogo, kidogo tu, upande wa Rugemalira, Afisa ataona msitu, mama atapata uraia, mimi nitapata baiskeli na kile kipande chake cha kisimani. Ndege wangapi kwa jiwe moja? Sijahesabu!

Nimekata milamula kutwa nzima. Mgongo umekataa.

Jumatano, 13 Aprili

Asubuhi nimewakusanya vijana na Mama Dhanlaxmi. Kokuberwa akasema milamula si msitu, mabwana misitu waliowafundisha hawajawahi kuitaja. Nikamwambia shule imempoteza. Mama Dhanlaxmi naye akaniangalia sana, akauliza kama nina hakika na ninachokifanya, kwa maana mlamula si wa kuchezea. Nikasema nani ni mwalimu hapa?

Nikawaonyesha kwa fimbo: anzeni kisimani, fuateni fimbo yangu inakoelekea, nyookeni mpaka barabarani, msipinde hata mkikutana na Askofu. Kisha nikaenda kuonja rubisi kwa Mutalemwa, maana msimamizi mwema hasimami juu ya watu.

Nimerudi jioni.

Sasa, fimbo yangu imepinda kwenye ncha. Kila mtu anajua imepinda. Ni fimbo ya kutembelea, si rula! Lakini hawa watoto wa siku hizi ni watiifu kupita kiasi. Wamefuata ncha. Milamula imetoka kisimani, ikaacha kabisa shamba la Rugemalira, ikaingia kibanja changu, ikapita katikati ya mibuni, ikapita kati ya nyumba yangu na choo changu, ikatokea barabarani imenyooka kama reli. Wamejipanga wanangoja niwasifu!

Nikataka kung'oa. Rugemalira akatokea, sijui alikuwa amejificha wapi. Akanikumbusha yule mbuzi. Akanikumbusha na mtungi.

Sijang'oa. Kwenda chooni nimevuka mpaka kama mkimbizi.

Alhamisi, 14 Aprili

Siku yenyewe. Afisa amekuja na Landirova. Mtu wa Lindi, mrefu, kiatu kimeng'arishwa, kimezama tope papo hapo. Amesema mwalimu na jamaa wakae mbali. Mimi nimekaa mbali, ndani ya migomba, hatua chache nyuma yake.

Akamuuliza Mama Dhanlaxmi mikoa iliyo jirani na Kagera. Mama akaanza vizuri, Kigoma, Mwanza, kisha akakwama. Nikamsaidia: "Masaka!" Afisa akauliza nani yumo ndani ya migomba. Mama akasema ni mwalimu wangu. Afisa akasema Masaka iko Uganda, na kwamba angekuwa ananisaili mimi, ningelala mpakani Mutukula leo. Akampa mwanafunzi pole. Rugemalira alikuwa juu ya mti. Nilimsikia akicheka.

Halafu Afisa akaitazama milamula. Akauliza: huu ndio msitu uliousimamisha?

Hapo nilikuwa nimemfundisha jibu. "Ndiyo bwana Afisa, kwa faida ya Taifa." Maneno mepesi!

Mama akasema hapana.

Hapana! Nimeshika mgomba. Akaendelea, Kiswahili na Kihaya vikiwa vimechanganyika kama maharage na ndizi, lakini Afisa alikuwa anasikiliza. Amesema: "Hiyo milamula nimeipanda kwa mkono wangu, lakini si msitu, ni mti wa mpaka. Kazi yake si kivuli. Kazi yake ni kuzuia majirani wasiuane. Tangu nimekuja hapa, kila aliyegombana na jirani alikuja dukani kunieleza, nikipima nguo huku nasikiliza, kwa hiyo najua. Na mpaka huu umekosewa, wazee wakae wautazame. Msitu uko kule chini. Ni mdogo, ni wa vijana hawa, mimi nimekuja Jumatatu tu. Mzee alisema uwongo kwa sababu ananitakia mema, na anataka baiskeli."

Amenianika kama kahawa!

Afisa akashuka naye mpaka kwenye miche. Amechuchumaa na kile kiatu. Akamuuliza, mama, ukinyimwa uraia utafanya nini?

Mama akasukumia udongo kwenye mche mmoja. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, sijui alikitoa wapi, kwamba atamwomba Kokuberwa atafute mtu wa kumwagilia siku ya Jumanne, kwa sababu Jumanne ni zamu yake, na miche haijui nani raia.

Kokuberwa akageuka upande. Afisa naye akatazama ziwa muda mrefu. Kisha akafunga faili, akamshika mkono, akasema neno ambalo nimelisikia mwenyewe kutoka migombani: "Umefaulu, mama."

Kelele! Vijana wamembeba. Yashwant amelia kama mtoto, Klaudia amepiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Nimeruka nje ya migomba nikamwambia Afisa, unaona nilivyomfundisha? Amepanda gari bila kujibu. Ni mtu mwenye haya.

Rugemalira hajatembea kwa mikono. Anasema bega linamuuma.

Jumapili, 17 Aprili

Wazee wamekaa baada ya misa. Mama Dhanlaxmi, raia mpya, amealikwa kutoa ushahidi wa nani aliamuru mstari. Ameutoa. Wazee wakauliza ni nani katika kijiji hiki aliyepiga kelele kwamba mlamula uliopandwa hauondolewi ovyo. Wote wakanitazama. Watu wana kumbukumbu mbaya, wanakumbuka vitu visivyofaa.

Hukumu: milamula itabaki mpaka kiangazi, ndipo itahamishwa kwa heshima. Mpaka hapo, choo changu kimo ndani ya msitu wa vijana. Kokuberwa amesema kwa adabu kwamba wao hawakihitaji. Rugemalira akasema sheria ni sheria. Basi nimeruhusiwa kukiendea, kwa sharti moja: kila nikivuka kwenda chooni, nibebe kopo moja la maji, nimwagilie miche.

Na Klaudia amepika maharage.

Yashwant ametimiza ahadi. Baiskeli imeshushwa. Nimeikokota kutoka mjini mpaka nyumbani, nikipiga kengele. Watu wameuliza mbona sipandi. Nimewaambia kitu kipya kinataka kuzoeana na mwenyewe.

Jumatano, 20 Aprili

Msitu wangu unastawi. Kokuberwa mwenyewe amekiri kwamba miche iliyo karibu na choo imeipita mingine yote. Nimewaambia vijana ni mkono wangu, mkono wa bahati. Mama Dhanlaxmi alikuwepo jana, zamu yake, akasema ni tumbo langu. Wamecheka! Nimewasamehe, hawajasoma.

Lakini sasa nina habari kubwa. Muleba yuko mama mmoja anaitwa Ashura, mpika maandazi, mzaliwa wa Burundi. Naye ameitwa kwenye usaili, na amekwisha sikia jina langu. Nimemtumia salamu kwamba atulie. Atoe mbuzi mmoja jike, na aonyeshe kilima ambacho hakina mtu, mengine aniachie. Kesho alfajiri ninaondoka, mimi na baiskeli, kwa miguu.

Mjumbe wake ameniuliza, kati ya wanafunzi niliowafundisha, waliofaulu ni wangapi.

Nimesema wote.