Nyuki wa Dhahabu na Barafu Mifuko Sitini

Jumatatu, 4 Agosti

Katika jimbo zima la Ohio hakuna kijana mnyenyekevu kunishinda mimi, na atakayebisha nitamtajia mmoja mmoja niliowashinda. Naitwa Rusty Haverkamp. Miaka kumi na tisa. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Siku za kawaida natengeneza mashine za kukatia majani. Wiki hii moja ya mwaka mimi ni Roderiki wa Bonde Jekundu, mtu wa karne ya kumi na nne, soksi hadi mapajani, kambini na watu elfu mbili wanaoigiza enzi za kale, wenye mahema, panga na ngao za kujitengenezea.

Shabaha: Nishani ya Nyuki. Nyuki wa dhahabu, anavaliwa kifuani. Wapiganaji wana nishani zao. Hii ni ya watumishi, na juu yake hakuna nyingine. Wenye nayo humchagua mwenzao, mfalme akamvisha mbele ya baraza. Ina sheria moja ya ajabu: anayeitaka hapewi. Basi lazima niitake kwa siri. Nimeshawaambia karibu wote kwamba ni siri.

Nimejiunga na Mzee Norbert Stahl, dereva mstaafu wa basi la shule. Maji na vyoo vya kambi ni vyake, mwaka wa ishirini na tatu huu. Kutoka bombani hadi jikoni ni hatua mia moja. Ukizunguka mbele ya hema la mfalme ni hatua mia nne. Nimezunguka mara tisa, nikiguna. Trent, anayembebea malkia kigoda na mwenye uchu wa Nyuki kuliko mimi, aliniuliza kama ndoo ina maji au naitembeza tu ipunge hewa. Wivu.

Jumanne, 5 Agosti

Pigo. Kwa haraka ya kuonekana, niliacha bomba wazi. Maji yakanifuata kwa mfalme. Mfalme wetu huuza matairi Dayton, alishinda mashindano ya masika akavikwa taji. Leo aliamka viatu vyake vinaelea mlangoni. Akatoka na upanga na nguo ya kulalia, akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Mimi nilikuwa nakagua kamba ya kiatu.

Mzee Norbert akasema ni yeye. Eti vidole vya uzee, Mtukufu, vimesahau kufunga. Mfalme akamwambia haidhuru, mzee, akarudi kuchota maji kwa kikombe.

Nilisubiri nichambwe. Mzee alinikatia nusu ya soseji yake na kusema, "Bomba hufungwa kwa kuzungusha kulia, mwanangu." Basi. Hata mama yangu hawezi kuishia hapo.

Alhamisi, 7 Agosti

Imeiva. Leo nilikuwa nasugua sufuria upande wa sufuria unaoonekana kutoka barabarani. Mama Loretta, mkuu wa jikoni, ambaye Nyuki wake anang'aa juu ya aproni, akanivuta nyuma ya magunia ya vitunguu. Akasema kesho saa kumi kuna baraza. Nihakikishe Mzee Norbert anafika, amevaa safi. Nimdanganye kwamba kuna pipa linavuja karibu na kiti cha enzi. Nisimwambie lolote. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa kuliko anavyodhani.

Maana mimi si mtoto. Kila mtu hapa anajua mtindo: anayetunukiwa hapewi habari, huletwa barazani kwa uongo. Na uongo wa kunileta mimi ni Mzee Norbert! Wamenituma nimlete mzee ili mimi nifike, tena msafi. Wajanja. Nimefua kanzu yangu mara mbili.

Tatizo ni mzee mwenyewe. Atasimama kando yangu na buti za mpira na harufu ya kazi. Halafu akiulizwa juu yangu anaweza kukumbuka bomba. Lazima awe mbali.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa nane nilimwambia Mzee Norbert kwamba barafu ya jikoni imekwisha, wanataka mifuko sitini kutoka mjini, maili kumi na moja. Akauliza, "Sitini? Kuna nani anaoa?" Nikasema hali ni mbaya. Akanikabidhi funguo za maji, akapanda gari lake, akaondoka bila swali la pili. Ndivyo alivyo.

Saa kumi. Jua la kukaanga mayai. Mpiga mbiu akapaza sauti: aje mbele aliyetunywesha maji, aliyetufagilia, asiyeomba shukrani. Mimi huyo, nimeshapiga goti kwenye zulia kabla hajamaliza sentensi. Kisha akasoma jina.

Norbert Stahl.

Mfalme akainama, akaninong'oneza kwa upole, "Vizuri, Roderiki. Umemleta. Yuko wapi?"

Nikasema kafuata barafu. Nyuma Trent akacheka kama mbuzi. Mama Loretta hakucheka. Alinitazama, nikatamani anipige na mwiko yaishe.

Tulisubiri saa nzima na nusu. Mfalme ndani ya deraya ya chuma, akichemka taratibu. Hakuna aliyeondoka, hata watoto. Gari lilipotokea, watu elfu mbili wakasimama, na Mzee Norbert akashuka mbio akiuliza nani kafa.

Wakamwambia. Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. Halafu akasema, samahani sana Mtukufu, lakini barafu itayeyuka.

Basi mfalme akavua glovu za chuma. Malkia, mashujaa na deraya zao, mpiga mbiu, Trent na kigoda chake, wote wakapanga foleni kutoka garini hadi jikoni, mifuko sitini ikapita mkono kwa mkono. Ndipo mzee akapiga goti na buti zake za mpira, akavishwa Nyuki. Alilia bila kuficha. Hata mimi kuna barafu iliniingia jichoni.

Jumapili, 10 Agosti

Tumefunga mahema. Mzee Norbert haniulizi chochote. Amesema mwakani nimshikie maji nusu, na bado nina funguo. Nimemwendea Mama Loretta kumuuliza Nyuki wa mwakani hutengenezwa mwezi gani. Akasema anayeomba hapewi. Nikamwambia siombi, nakumbusha. Mpango mpya ninao tayari: ndoo mbili badala ya moja, na zote zipite kwa malkia.

Nikisema haki, wiki imeniendea vizuri. Foleni ile watu wataisimulia miaka, na barafu niliagiza mimi.

Kitu kimoja tu. Kabla ya kumvisha, mfalme aliuliza, kama desturi, nani kati ya waliohudumiwa na mtu huyu atasimama amsemee. Mama Loretta alisimama. Mpishi mmoja alisimama. Kisha mfalme akauliza kama yupo mwingine, akangoja, na mzee akageuka kidogo upande niliokuwapo. Nilikuwa na mengi ya kusema kuliko wote. Lakini ukisema alichonifanyia, inabidi useme nani aliacha bomba wazi. Nikakagua kamba ya kiatu.