Mwaka Ambao Papa Octave Alikuwa Opala

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa nane

Hubert wangu ni Léopard wa timu ya taifa! Redio imesema! Jina yake imepita hewani, Zaire muzima imesikia, hata samaki wa maporomoko ya Wagenia wamesikia!

Bon. Habari yako, daftari. Sasa nimekaa.

Ilikuwa saa saba ya muchana. Papa Octave, bwana wangu, alikuwa anakula kwanga ya muhogo na samaki. Mutangazaji akasoma vijana ishirini na mbili wanaoenda Brazzaville kwa kombe ya Afrika ya Kati, wale wa miaka chini ya ishirini. Golikipa wa tatu: Lukumani, wa Kisangani. Lukumani ndiye yeye. Hubert ni jina ya ubatizo, na serikali ilikataza majina ya ubatizo, lakini daftari hii haiko serikali. Kwanga ya Papa Octave ilianguka chini. Nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu Philomène akaja mbio na ndoo ya maji, akifikiri nyumba inaungua. Nilimwambia hapana mama, ni furaha tu. Nikamuuliza mutoto wake Théodore anaendeleaje na ule mupira wake wa uwanja wa parokia. Alichukua ndoo yake, akarudi kwake.

Kitu kimoja nitaandika hapa tu. Hubert haiko na miaka kumi na tisa. Alitimiza ishirini na mbili mwezi wa tano. Yeye alishaenda kambini Kinshasa, ligi ya hapa ikadai karatasi ya kuzaliwa. Ile ya kwake panya walikula. Alors nilienda kwa karani anayeandika karatasi za badala. Hakuniuliza mutoto alizaliwa lini. Aliuliza: mama, tupunguze ngapi? Kama mutu anayekata nyama sokoni! Nilisema tatu. Akapiga muhuri. Mama wote wenye watoto wa mupira wanafanya hivyo. Nani atajua?

Jumatano, tarehe 5

Wamejua!

Ligi imebandika orodha ukutani, pamoja na picha na tarehe za kuzaliwa! Ni nani anabandika tarehe za kuzaliwa za watu ukutani? Papa Octave alivaa suti yake ya abacost ya sikukuu, akaenda kuangalia jina ya mutoto wake. Aliporudi hakukaa. Aliniuliza polepole: Mama Hubert, pale wanasema mutoto alizaliwa mwezi wa tano, mwaka wa 1962. Sasa mimi, ile mwaka, nilikuwa wapi?

Opala. Yesu na Maria. Opala! Alienda kule mwezi wa sita wa 1961 kununua mupunga wa kampuni. Alikaa miezi kumi na tano. Hata Noeli hakurudi. Nilisahau Opala!

Yeye mwenyewe anajua ukweli. Ndiye aliyenipeleka maternité kuzaa, kwa baiskeli, mwaka wa 1959, na njiani mnyororo ukakatika. Lakini mbele ya ule ukuta kulikuwa na watu hamsini, na kati yao Tonton Faustin, kaka yake mukubwa. Faustin alifanya kazi ya ofisi miaka thelathini. Anaamini muhuri kuliko macho yake. Alihesabu miezi kwa vidole, mbele ya watu, kwa sauti.

Donc mambo iko hivi. Karatasi ikiwa ya kweli, mimi ni mwanamuke wa ovyo. Karatasi ikiwa ya uongo, Hubert anatolewa kwenye timu. Nimetafuta kitu katikati. Katikati hakuna kitu.

Alhamisi, tarehe 6

Nilipata! Nilienda kwa Faustin asubuhi, nikamwambia: shemeji, umesahau, mwezi wa nane wa 1961 nilipanda boti mpaka Opala kumsalimia bwana wangu. Nilieleza kila kitu. Boti ilikwama kwenye mchanga siku mbili. Tumbili alininyang'anya kitambaa cha kichwa. Nilieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kukumbuka yule tumbili.

Faustin aliitikia kwa kichwa. Alisema safari hiyo ni nzuri sana. Kisha akauliza: na Élise?

Élise ni binti yangu. Alizaliwa mwezi wa kumi na mbili, 1961.

Faustin akarudi kwenye vidole. Élise, mwezi wa kumi na mbili. Hubert, mwezi wa tano. Miezi tano! Huko Opala na yule tumbili nilikuwa na tumbo la Élise mbele yangu! Nilisahau binti yangu muzima!

Ameita baraza ya ukoo. Jumapili tarehe 16. Anasema karatasi ya serikali haiwezi kusema uongo peke yake. Ama mutu alikosea kitandani, ama mutu alikosea ofisini, na ukoo unataka kujua ni wapi. Ikiwa ni ofisini, atawaandikia ligi yeye mwenyewe. Ana mashine ya kuandikia!

Jumamosi, tarehe 8

Asubuhi nilimwambia Élise jambo dogo tu. Kwamba kwa ajili ya kaka yake tungeweza kumupunguza na yeye miaka mbili au tatu. Élise anafundisha darasa la kwanza. Aliniuliza, donc nilipata diplome yangu nikiwa na miaka kumi na tano? Nilisema watu watasifu akili yake. Alipiga mulango. Huyu mutoto hana roho ya timu.

Halafu Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Tulikata majani kando ya barabara, mutaa muzima. Nilikuwa nimewaza mama wa Léopard hawezi kushika panga, kwa hiyo nilikuja na kiti. Philomène alingoja mpaka wote wamenyamaza. Akasema, eh, Mama Hubert, wewe na mimi tulilala vitanda viwili vya jirani pale maternité, asubuhi moja, mwaka wa 1959. Mimi nilizaa Théodore nikaenda nyumbani. Wewe ulibaki kitandani miaka tatu unangoja nini?

Wakacheka mpaka mapanga yakaanguka. Hata mukubwa wa mutaa, mwenye kuandika majina ya watoro!

Nilisimama, nikachukua panga, nikakata majani mpaka saa sita. Kiti alikalia Philomène.

Jumapili, tarehe 16

Nimefanya kitu. Sijui niandikeje.

Walikaa wote, wazee saba, nyumbani kwa Faustin. Orodha, Faustin alishaibandua ukutani, ilikuwa mezani chini ya chupa ya bia. Faustin aliuliza: kitandani au ofisini? Mashine yake ilikuwa pale kwenye dirisha, na karatasi nyeupe tayari ndani.

Niliangalia ile karatasi nyeupe. Nikamwona Hubert wangu akirudishwa na mufuko wake wa mazoezi, yeye ambaye akiwa mudogo alilala na mupira kama mama mwengine analala na mutoto. Nikasimama. Nikasema: kitandani.

Papa Octave aliruka, akapiga kelele kwamba mimi ni mwendawazimu, kwamba yeye alisukuma ile baiskeli mwenyewe, mnyororo mukononi! Faustin alimwambia akae, muhuri ni muhuri. Akanigeukia. Akauliza mwanaume ni nani.

Mwanaume! Sikuwa nimetayarisha mwanaume!

Nilisema: Mugiriki. Mumoja wa wale wazungu wa maduka. Alisharudi kwao.

Wazee saba waligeuka pamoja, wakaangalia picha ya Hubert ndani ya orodha. Mutoto wangu ni mweusi kama chungu cha kupikia, na masikio yake ni ya Papa Octave, yanasimama kama milango ya teksi. Muzee mumoja alianza kukohoa. Halafu mwengine. Halafu wote walikuwa wanalia kwa kucheka, Faustin naye, machozi yalilowesha orodha. Alisema anamhurumia huyo Mugiriki.

Hata hivyo wamenitoza faini ya mbuzi moja, kwa heshima ya ukoo. Na barua haikuandikwa! Papa Octave hasemi na mimi. Lakini Hubert iko kwenye timu.

Jumanne, tarehe 18

Hubert haiko kwenye timu!

Barua yake imefika na rubani, mutu wa uwanja wa ndege wa Bangboka ameileta kwa mukono. Ameiandika tarehe 10. Tarehe 10! Siku sita mbele ya Mugiriki wangu!

Anaandika kwamba walimwonyesha karatasi yake kambini. Aliisoma mara mbili. Akahesabu na yeye, na vidole, akafika kwa Élise. Akaenda moja kwa moja kwa kocha, akasema mimi niko na miaka ishirini na mbili, niondoeni, sitaki mutu asome hii akamcheka mama yangu. Kocha alimuondoa siku ileile. Alimushika bega, akamwambia timu ya wakubwa nayo inatafuta golikipa, arudi mwaka kesho na miaka yake yote.

Nililia ndani ya kitenge. Papa Octave alisoma barua, akaniangalia sana, halafu akaniita Mama Hubert kama zamani na akaomba chakula. Nilimuuliza kama baraza linaweza kurudisha mbuzi. Wamemula tayari.

Jumatano, tarehe 19

Nimelala vizuri. Nimeamka na akili mupya.

Emile, mutoto wangu wa mwisho, ana mbio kama panya. Yuko na miaka kumi na tano. Lakini kuna timu ya Zaire ya wadogo, chini ya kumi na ine, na ligi inaanza kupokea karatasi mwezi ujao. Karani amesema nije Ijumaa.

Safari hii nimefanya kazi kwanza. Emile atazaliwa 1968. Nimehesabu watoto wangu wote, hakuna mwengine karibu. Na 1968 Papa Octave alikuwa amevunjika mguu. Mwaka muzima hakutoka hata uani!

Philomène ameuliza Hubert anarudi mbele ya wengine kwa nini. Nimemjibu kwamba wanamtunza kwa timu ya wakubwa. Si uongo. Nimenunua kitenge cha aina moja kwa ukoo wote, na Philomène nimemukatia kipande, aone moyo wangu. Ndege ya Hubert inashuka Bangboka saa ine ya asubuhi. Faustin aje, wazee saba waje, mutaa muzima uje na ngoma: Jumapili, tarehe 23.